Wimbo wa Tuye Sebuleni Kwetu

Mama yangu anaitwa Hamdia na kazi yake ni kutoamini maziwa ya watu. Akiulizwa atasema anauza maziwa ya ngamia, lakini nimekaa naye sokoni miaka saba, tangu niache shule nikiwa darasa la nne, na naona kuuza ni sehemu ndogo ya siku. Sehemu kubwa ni kupima. Pikipiki zikifika asubuhi na mitungi imefungwa nyuma kwa mipira, anafungua mtungi mmoja mmoja, anaingiza pua, anafumba macho. Halafu anachovya kijiti cha kibiriti ndani ya maziwa na kukiwasha. Kikiwaka, maziwa ni safi. Kikikataa, kuna maji ndani, na mwenye maziwa anaambiwa asimame kando. Wengine wanaanza kuapa. Mama anawaambia, "Wacha kuapa. Kijiti kimekataa."

Nyumbani pia yuko hivyo. Jirani yetu Nkirote, mama Mmeru anayeuza sukuma wiki pale barabarani mtaani kwetu Bula Pesa, aliwahi kutuletea githeri, mahindi na maharagwe, kwa sahani. Mama akapokea, akashukuru, halafu akaninong'oneza nisionje mpaka tumwone Nkirote mwenyewe anakula. Wakati huo walikuwa wamejuana miaka minane.

Kwa hivyo siku alipokubali watu thelathini waje kukaa sebuleni kwetu wasikilize muziki, nilijua kuna kitu.

Walikuja Jumapili mchana, wanaume watatu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mawira, anafundisha shule ya sekondari na anapiga gitaa kanisani. Wa pili ni Sakariye, Msomali anayetengeneza simu mjini, na yeye anapiga kaban, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo kama nusu ya boga. Wa tatu alikuwa Mzee Tuye. Huyu tunamjua. Alikuwa rafiki wa baba yangu, Doyo, ambaye alifariki miaka minne iliyopita, na ngamia wa huyu mzee ndio wanatupatia maziwa mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Mzee Tuye aliingia mwisho, ingawa yeye ndiye mkubwa. Hiyo niliiona.

"Salaam aleikum," akasema.

"Aleikum salaam, mzee. Karibuni."

"Habari ya hapa, Mama Tiya," akasema mwalimu. Tiya ni mimi.

Wakakaa. Nikaleta chai, nikarudi nikasimama kwenye pazia la jikoni, mahali ninaposimama siku zote.

Mwalimu akaeleza. Walitaka kufanya tamasha la muziki hapa kwetu. Hakuna spika, hakuna maiki. Watu wanakaa chini kwa zulia, wanamuziki wanakaa nao, na kila mmoja anaimba za kwao.

"Hoteli zote za Isiolo zimejaa?" Mama akauliza.

"Hapana, mama. Hotelini watu wanakula na kupiga kelele. Kwa nyumba ya mtu wananyamaza."

"Na nyumba yako, mwalimu, ina shida gani?"

"Ni chumba kimoja. Kitanda ndicho sofa."

"Kwa hivyo nani alikwambia mimi nina sebule?"

Mwalimu akamwangalia Mzee Tuye. Mzee Tuye akaangalia mabati juu, kama mtu anayepima.

"Hamdia," akasema, "Doyo alijenga hiki chumba kikubwa namna hii kwa nini? Alipenda watu. Tangu aondoke hakuna mtu amecheka humu ndani."

"Tunacheka. Tunacheka polepole."

Sakariye akacheka. Mwalimu naye akaona hapo ndipo pazuri, akainama, akatoa kando ya gitaa lake mzigo mdogo uliofungwa kwa kitambaa cheupe kipya. Akampa Mama kwa mikono miwili.

"Tuliambiwa nyumba kama hii mtu haji mikono mitupu."

Mama akapokea. Nilingoja aufungue kidogo pembeni, au aulete karibu na uso kama anavyofanya na kila kitu. Hakufanya hivyo. Aliuweka juu ya kabati la vyombo, akarudi akakaa, akasema, "Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Ikifika magharibi kila mtu awe ametoka."

Aliyemuuliza mwalimu maswali matatu kuhusu sebule hakuuliza swali hata moja kuhusu mzigo. Wakaondoka wakiwa na furaha. Mzee Tuye alipokuwa anavaa viatu aliniangalia mara moja, kutoka kichwani mpaka miguuni, bila haraka. Nimeona watu wakiangalia hivyo siku ya soko la mifugo.

Jumatatu Mama alipoenda sokoni alisema nibaki nifue mapazia. Mapazia yale hayakuwa yamefuliwa tangu Ramadhani. Nikapanda kiti, nikashusha mzigo, nikafungua fundo.

Ndani kulikuwa na kahawa, ile nzima yenye maganda yake, ile tunayokaanga kwa samli kukiwa na jambo. Na juu ya kahawa, kipande cha tumbaku kilichosokotwa.

Nikafunga haraka na kurudisha.

Kwetu sisi Waborana, hivyo vitu viwili vikija pamoja, vimebebwa na wanaume, kwa nyumba yenye msichana, hakuna mtu anauliza vimekuja kufanya nini. Bibi yangu alinieleza nikiwa mdogo. Wenye nyumba wakirudisha mzigo siku hiyo hiyo, wamekataa, na hakuna ugomvi. Ukilala ndani, wamefungua mlango, na wazee watarudi kumalizia. Mzigo huu ulikuwa umeshalala. Na nyumbani kwetu msichana ni mmoja, ana miaka kumi na saba.

Nikaanza kuwapanga wale watu watatu kichwani. Mwalimu ana mke, Karwitha, na mtoto. Sakariye si Mborana, na watu wake wana taratibu yao. Akabaki Mzee Tuye. Ana kijana, Mohamud, yuko huko Sericho na ngamia, amepita miaka thelathini. Nimemwona mara mbili. Mara zote mbili alikuwa anaongea na simu.

Sericho ni mbali. Gari likitoka hapa asubuhi unafika ukiwa umebadilika rangi kwa vumbi, na maji huko ni jambo la kupanga tangu jana. Kama Mama alikuwa amekubali ile kahawa, mimi nilikuwa nimeshaenda, ni mwili tu ulikuwa bado unafua mapazia Bula Pesa.

Kitu kimoja kilinisumbua kuliko vingine. Mama anaweza kunusa mtungi akakwambia ulioshwa na nani. Hangeweza kukosa kusikia harufu ya kahawa na tumbaku kupitia kitambaa kimoja. Kwa hivyo alijua. Alijua na akauweka juu ya kabati.

Sikumuuliza. Nilianza kumwangalia.

Jumanne maziwa ya Mzee Tuye yalikuja mitungi sita badala ya minne. Mama akafungua, akanusa. Mkono ukaenda kwenye kibiriti, ukasimama, ukarudi. Akafunga mtungi bila kuwasha kijiti. Kwa miaka saba sijawahi kuona akifanya hivyo.

"Hupimi?" nikauliza.

"Hayo ni ya Tuye."

"Hata wiki iliyopita yalikuwa ya Tuye, na ulipima."

"Leo umeamka na mdomo," akasema, akaenda kwa mtungi mwingine.

Jumatano akanunua dera mpya, ya rangi ya maembe, akanitupia kitandani.

"Ya nini?"

"Ya kuvaa. Kwani dera inafanya nini kingine?"

"Ya Jumamosi?"

"Jumamosi kutakuwa na watu. Unataka wakuone na ile iliyoungua kwa moto wa jiko?"

Unataka wakuone. Hayo maneno niliyabeba siku nzima.

Jioni nikaenda kwa Nkirote kununua nyanya nisizohitaji. Nikamuuliza kama Mama amemwambia kitu kuhusu Jumamosi.

"Hajaniambia kitu," Nkirote akasema. "Na mama yako akikosa kuniambia kitu, hicho chenyewe ni kitu."

"Kama ni kitu kibaya?"

"Basi hatanikopa sufuria. Watu wakipanga mabaya hawakopi sufuria. Amekopa?"

"Bado."

Akanifungia nyanya akiwa ananiangalia. "Wewe msichana unaangalia watu mpaka wanasahau walikuwa wanafanya nini. Uliza mama yako."

Sikuuliza. Kama ningeuliza na akasema ndiyo, ingekuwa ni neno lililosemwa, na neno lililosemwa na mama huwezi kulirudisha chini ya kitanda. Ndugu za baba wako mbali, na tangu baba afariki wanasema uamuzi wa Hamdia unatosha, kwa sababu hakuna kati yao anayetaka kutulisha. Hakukuwa na mtu mwingine wa kukimbilia.

Alhamisi alipokea simu akatoka nayo nje, nyuma ya tangi la maji. Nikaenda dirishani. Aliongea Kiborana, kwa sauti ya chini, na alikuwa anauliza tu. Maji yako umbali gani. Ulikuja ukiwa na miaka mingapi. Halafu akanyamaza muda mrefu, simu ikiwa sikioni. Halafu akasema, "Haya, mama. Mungu akupe nguvu," akakata. Hakurudi ndani mara moja. Alisimama akiwa ameweka mkono kwenye tangi.

Alikuwa anauliza kuhusu mahali nitakapoenda. Ndivyo nilivyoelewa. Mtu haulizi umbali wa maji kama hakuna anayepelekwa kuyachota.

Ijumaa nikaamua. Wakati Mama yuko kwenye mswala, nitautoa mzigo nikautupe chooni, na ulimwengu wote ufanye unachotaka. Nikapanda kiti. Juu ya kabati kulikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi mahali safi pa mviringo. Mzigo haukuwepo.

"Unatafuta nini huko juu?"

Alikuwa mlangoni, ushungi bado kichwani.

"Napangusa vumbi."

"Umelipata?"

"Ndiyo."

"Basi shuka."

Nikashuka. Sanduku lake la bati, lile analoweka vyeti na kitambulisho cha baba, lilikuwa na kufuli. Siku zote huwa lina kufuli. Lakini siku hiyo niliona ufunguo umefungwa kwenye kona ya leso yake, na leso yake hakuivua hata kulala.

Jumamosi tukatoa sofa nje, tukatandika mazulia matatu, mawili yetu na moja la Nkirote. Sufuria pia tulikopa. Baada ya alasiri wakaanza kuja. Viatu vikajaa mlangoni mpaka kwenye ngazi, na mimi niliangalia viatu kwanza kwa sababu viatu havijui kudanganya. Vya walimu, vyeusi vimepigwa rangi. Vya wauza miraa, vya raba. Na makubazi ya ngozi ya wazee, jozi tano. Nilitarajia ya Mzee Tuye peke yake. Wengine wanne walikuwa wa ukoo wake.

Wazee watarudi kumalizia. Wamerudi, nikasema moyoni. Wamekuja na watu wa kuwasikia.

Wanaume walikaa upande wa dirisha, wanawake upande wa jikoni, na Wameru waliochelewa wakakaa popote. Karwitha, mke wa mwalimu, alikaa karibu na mlango na mtoto mapajani. Mama akasimama pale ninaposimama mimi, kwenye pazia, na chupa ya chai mkononi. Mimi akaniweka mbele, kati ya wanawake, na dera yangu ya rangi ya maembe, mahali ambapo kila mtu angeniona.

Mwalimu akaanza. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Gitaa lisilo na spika linaingia mwilini kwa njia nyingine. Unasikia kidole kikiteleza kwenye waya, unasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Aliimba kwa Kimeru kuhusu mtu aliyeuza shamba akaanza kulitembelea kila Jumapili kama mgonjwa hospitalini, ndivyo alivyotueleza baadaye, na wanawake wa kwao wakafuta macho. Sakariye akafuata na kaban. Yeye hakuimba, alipiga tu, na vidole vyake vilienda kama anatengeneza simu, vidogo vidogo, bila kukosea. Mtoto wa Karwitha akalala. Kwa dakika chache nilisahau.

Halafu Mzee Tuye akajisogeza katikati ya zulia. Hana ala. Akapiga makofi mawili, taratibu, akaanza wimbo wa kisimani, ule wa kunywesha ngamia. Wimbo huo mtu haimbi peke yake. Kisimani wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo, mmoja anatoa mstari na wengine wanaitikia, na usipoitikia ndoo inaanguka. Hata hapa, juu ya zulia, hakuna Mborana anayeweza kukaa kimya ukiimbwa. Wazee wakaitikia. Vijana wakaitikia. Walimu wa Kimeru nao wakaanza kupiga makofi na kuitikia ile "hoo" bila kujua inaitikia nini, kwa sababu ilikuwa tamu.

Na mwimbaji wa wimbo huo ana ruhusa ya kuweka maneno yake.

Akaimba kwamba kuna ngamia jike mchanga kwenye zizi la Hamdia. Wakaitikia. Kwamba macho yake yanaona kila kitu na mdomo wake haulii. Wakaitikia. Kwamba kahawa imelala kwa mwenye zizi usiku sita na hakuna aliyeirudisha. Wale wazee wanne wakaitikia kwa nguvu zaidi, na wengine wakafuata, kwa sababu ndoo ilikuwa inapanda na hakuna anayeachia. Kwamba kamba ya ngamia huyo iko mkononi mwa mwimbaji, na njia ya Sericho inamjua.

Wote waliojua Kiborana wakageuka wakaniangalia. Wasiojua walikuwa wanapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Mimi niligeuka nikamwangalia Mama. Uso wake haukuwa na kitu. Nikajua basi imekwisha, ndiyo sababu ya dera, ndiyo sababu ya mapazia.

Wimbo ukaisha. Mama akaja katikati, akamimina chai, akampa Mzee Tuye.

"Pumzika, mzee. Umeimba." Akageuka. Akaongea Kiswahili, kwa sauti ya sokoni. "Mwalimu Mawira, umeelewa wimbo?"

"Sauti nimeelewa, mama. Maneno, hapana."

"Nimeona mkiitikia. Si vizuri mtu kuitikia asichojua. Wacha niwaambie."

Akautafsiri wote, mstari kwa mstari, bila kuongeza na bila kupunguza, kama anayesoma orodha ya mitungi. Alipofika kwenye kahawa, mwalimu aliacha kutabasamu. Mama akaenda chumbani. Tukasikia kufuli. Akarudi na kitambaa cheupe.

"Huu unaujua?"

"Naujua. Ni ile zawadi tuliyoleta."

"Ulinunua wapi?"

"Sikununua, mama. Mzee alinipa nibebe. Alisema mimi ndiye mgeni, nyumba ya Waborana mgeni ndiye anabeba."

"Kwetu ukileta kahawa na tumbaku kwa nyumba yenye msichana, umekuja kuposa. Na mikono iliyonipa ni yako. Kwa hivyo nakuuliza mbele ya watu wote hawa. Unamtaka binti yangu?"

Mwalimu akamgeukia mkewe.

"Jibu, mwalimu," Karwitha akasema kutoka mlangoni, mtoto bado amelala mapajani. "Hata mimi nangoja."

Watu wakaanza kucheka. "Mama Tiya, mimi nilikuja na gitaa," mwalimu akasema.

"Na utamlaza wapi," Karwitha akaendelea, "na kitanda chetu ndicho sofa?"

Hapo hata wazee walishindwa kujizuia. Mama peke yake hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Basi si wewe."

"Si mimi, mama. Naapa."

"Usiape. Nimesikia. Kama si wewe, labda kuna mwingine hapa ambaye mzigo ni wake. Kama yupo, anyooshe mkono, aseme ni wake, aseme anamwombea nani, na tuongee kama watu."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Nilikuwa namwangalia Mzee Tuye. Alikuwa ameshika kikombe kwa vidole vyote kumi. Akisema ni wake, amekubali mbele ya watu thelathini kwamba alijificha nyuma ya mwalimu wa Kimeru kuposa msichana. Akinyamaza, hakuna posa. Wale wazee wanne walikuwa wanaangalia zulia la Nkirote kama wanataka kulinunua.

"Hamdia," akasema mwishowe, na akatabasamu, "wimbo ni wimbo."

"Ndivyo nilivyofikiri. Mwalimu, rudisha basi kwa aliyekupa."

Mwalimu akauchukua mzigo. Kutoka pale alipokuwa mpaka kwa Mzee Tuye ni hatua nne, akazitembea kama anavuka mto. Akainama, akanyoosha mikono miwili. Mzee hakupokea. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika sita. Mwalimu alibaki ameinama.

Mzee Tuye akaweka kikombe chini, akaupokea.

Ndipo Sakariye, bila kuambiwa, akapiga waya mmoja wa kaban, halafu mwingine, halafu akaingia kwa wimbo wa haraka wa harusi ambao hata Wameru wanaujua kwa sababu unapigwa kila mahali mjini. Nafikiri alimwonea huruma mzee. Watu wakapiga makofi kuliko ilivyohitajika. Mzee Tuye alikaa mpaka mwisho, akanywa chai ya pili, akatuaga kwa salaam. Huwezi kusema hana heshima.

Lakini tangu wiki hiyo mitungi yake inashushwa kwa mama mwingine, upande wa pili wa soko, na sisi tunaenda mpaka barabara ya Kulamawe kutafuta watu wapya wa maziwa. Mama anawasha vijiti vingi zaidi siku hizi. Mwalimu alirudi wiki mbili baadaye kuuliza kama wanaweza kufanya tena. Mama akamwambia aje, lakini asije na kitu chochote alichopewa na mtu, hata kama ni kalamu.

Hiyo jioni yenyewe, watu walipotoka, tulikuwa tunaosha vikombe uani. Nikamuuliza.

"Ulijua tangu Jumapili?"

"Nilinusa kabla hajavuka mlango."

"Mbona hukurudisha siku hiyo?"

"Kumrudishia nani? Mwalimu angesema ni zawadi. Tuye angesema yeye alisindikiza tu. Halafu angeenda Sericho aseme Hamdia alipokea kwa mikono miwili. Nilitaka watu wengi, na watu wa kila lugha."

"Na yale maziwa ambayo hukupima?"

"Nilitaka afikiri nimelainika."

Ilikuwa inatosha. Ningeweza kuachia hapo nikaenda kulala vizuri. Lakini mimi pia nimelelewa na huyo huyo mwanamke.

"Alhamisi ulikuwa unaongea na nani?"

Akasuuza kikombe ambacho alikuwa ameshasuuza.

"Na mke wake."

"Mke wa nani?"

"Wa Mohamud. Yuko na mke. Tuye hakutaja. Nilitafuta nambari siku tatu." Akaweka kikombe juu ya kingine. "Nikamuuliza maji yako wapi. Akasema anatoka alfajiri anarudi adhuhuri. Nikamuuliza alienda huko akiwa na miaka mingapi, akasema hana hakika. Nikamuuliza kama anajua kuna mwingine anakuja. Akanyamaza. Nikamsikia anavyonyamaza."

Nikahesabu. Alitafuta nambari siku tatu kwa sababu alikuwa anataka kujua kitu. Mtu aliyeshaamua kukataa hatafuti.

"Kama angekwambia maji yako karibu?" nikauliza. "Kama angesema yeye yuko peke yake na anataka mwenzake?"

Mama alikuwa ameinama, sikuona uso wake.

"Mimi nikifa leo, wewe una nani?" akasema.

"Hujajibu."

"Sijui, Tiya. Usiniulize hiyo."

Mwadhini akaanza. Akafuta mikono kwa leso, akaenda kuswali. Simu yake ilikuwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikaichukua, nikatafuta Alhamisi, nikaiandika nambari ya yule mwanamke wa Sericho kwenye karatasi ya majani ya chai. Sijawahi kumpigia, lakini jibu ambalo Mama hana naweza kulitafuta mwenyewe. Karatasi iko mahali ambapo Mama hawezi kuinusa.